Tulipewa, Tulitwaa au Tuliambiwa? Kitenzi cha Uhuru Wetu

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo naomba tukae na kitenzi kimoja tu.

Wiki ya mwisho ya Novemba nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu wa mashindano ya ngonjera katika shule moja ya sekondari wilayani Ikungi, mkoani kwetu Singida. Mada ilikuwa moja kwa makundi yote: Uhuru wa Tanganyika. Ukumbi haukuwapo, kwa hiyo wanafunzi walisimama chini ya mti, nasi waamuzi tukakalia madawati yaliyotolewa darasani. Karatasi zetu za alama tulizigandamiza kwa vijiwe, kwa sababu upepo wa Singida hauheshimu karatasi ya mtu. Makundi 11 yalijitokeza. Vina vilikuwa safi kwa sehemu kubwa, mizani ilipwaya hapa na pale, na sauti za watoto zilikuwa za kupendeza. Lakini kufikia kundi la nne nilianza kuchora vijistari pembeni mwa karatasi yangu, na mwisho wa siku nilivihesabu. Makundi 9 kati ya 11 yalikuwa yametamka maneno yale yale: "tulipewa uhuru".

Nilipunguza alama. Mwamuzi mwenzangu, ambaye ni mwalimu wa Historia, akanishangaa. "Mwalimu, unawaonea watoto," akasema. "Si ndivyo tunavyosema sote?" Kweli, ndivyo tunavyosema sote, na hilo ndilo lililonisumbua njiani kote nikirudi mjini.

Tukiangalie kitenzi chenyewe. Kupa ni tendo lenye watu wawili na kitu kimoja: yuko mtoaji, yuko mpokeaji, na kipo kinachotolewa. Tukikiweka katika kauli ya kutendwa, mpokeaji anakuja mbele ya sentensi, naye mtoaji anajificha nyuma ya pazia. Hajaondoka, amejificha tu. Anayesema "nilipewa shamba" anakiri kwamba shamba lilikuwa la mwingine, na kwamba huyo mwingine alikuwa na hiari ya kulitoa au kulizuia. Basi anayesema "tulipewa uhuru" anakubali, hata kama hakukusudia, kwamba uhuru wa Watanganyika ulikuwa mali ya Mwingereza, akauchukua siku moja kabatini na kuugawa kwa ukarimu wake.

Historia haikubaliani na kitenzi hicho. Kwanza, hata kwa sheria za wakubwa wenyewe, Tanganyika haikuwa mali ya Uingereza. Mjerumani aliposhindwa katika Vita Vikuu vya Kwanza, nchi hii iliwekwa chini ya uangalizi wa Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na kuanzia mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Kwa lugha yetu, ilikuwa amana. Sasa niambieni, ni mila gani ya Waswahili inayomwita mtu mkarimu kwa sababu amerudisha amana? Arudishaye amana ametimiza wajibu, na akichelewa huulizwa kwa nini amechelewa.

Pili, amana hiyo haikurudi kwa hiari ya mlinzi wake. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea Tanganyika mwaka 1954 ulipendekeza kwamba nchi ingeweza kujitawala baada ya miaka 20 hadi 25, na serikali ya kikoloni ikaona hata hiyo ni haraka mno. Mwaka huo huo, tarehe 7 Julai, TANU ikaasisiwa Dar es Salaam. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York, na aliporudi akaacha kazi ya ualimu pale Pugu. Januari 1958, mkutano wa TANU mjini Tabora ulikubali kwa shida kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Zuberi Mtemvu hakuridhika na msimamo wa chama, akajitoa na kuunda chama chake. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya viti vyote havikuwa na mpinzani. Septemba mwaka huo Nyerere akaunda serikali ya madaraka, Mei 1961 akawa Waziri Mkuu, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera mpya ikapandishwa. Kutoka kuasisiwa kwa TANU hadi usiku ule ni miaka saba na miezi mitano. Iliyotabiriwa ni 20 hadi 25. Mtoaji wa hiari hakimbizwi namna hiyo.

Kwa hoja hizo nilikuwa nimekwisha kuandika kichwani makala yenye hukumu moja: kitenzi "tulipewa" kifutwe katika ngonjera za shule, mahali pake pakae "tulitwaa" au "tulijikomboa". Nilikuwa na ushahidi, na nilikuwa na hasira kidogo, vitu viwili ambavyo humfanya mwandishi ajione ana haki. Kabla ya kuiandika nikaenda kijijini kumsalimu bibi yangu, mama yake mama.

Bibi ni Mnyaturu. Mwaka wa uhuru alikuwa msichana aliyekaribia kuolewa. Kinyaturu ndicho alichonyonya, Kiswahili alikikuta mbele ya safari. Nilimkuta ameketi kivulini akipepeta uwele. Nikampa shikamoo, akaniitikia, tukaulizana habari za watu na mifugo. Kisha nikamweleza kisa cha watoto na kitenzi chao. Nikamuuliza, "Bibi, wewe ulikuwapo. Uhuru tulipewa au tulitwaa?"

Alicheka, akaweka ungo chini. "Mjukuu wangu," akasema, "sisi hapa hatukupewa, wala hatukutwaa. Tuliambiwa."

Akanisimulia. Habari ilikuja mnadani. Mtu mmoja alifika na baiskeli kutoka mjini Singida, akasimama mahali palipouzwa ng'ombe, akatangaza kwa Kiswahili kwamba nchi imekuwa huru. Wachache waliojua lugha hiyo wakawafasiria wenzao. Baba yake Bibi, ambaye siku hiyo alikuwa amepeleka mbuzi wawili, akauliza swali moja: je, kodi ya kichwa imekoma? Hakuna aliyekuwa na jibu, na mwaka huo kodi haikukoma. Akauza mbuzi wake, akarudi nyumbani kwenye tembe lake, akawaambia wanawe kwamba Mzungu anaondoka. Bibi anakumbuka mama yake aliuliza, "Anakuja nani?"

Nimelifikiria sana swali la mama yake Bibi. Ni swali la mtu aliyekwisha kuona wageni wakibadilishana. Wanyaturu, kabla ya Wajerumani, hawakuwa na mtawala mmoja juu ya nchi nzima, na mambo yao yaliamuliwa na wazee katika koo na makazi. Mjerumani alipokuja na boma lake mwanzoni mwa karne ya 20, alipingwa. Masimulizi ya kwetu yanamtaja Liti, mwanamke aliyewashambulia askari kwa nyuki, na leo uwanja wa mpira wa mjini Singida unaitwa kwa jina lake. Mjerumani akashinda, akaweka watu wake. Mwingereza akaja na sheria ya utawala wa wenyeji ya mwaka 1926, naye akaendelea kutawala kupitia machifu. Kwa hiyo mwanamke wa Unyaturu aliyeambiwa mwaka 1961 kwamba mtawala anaondoka, alikuwa na kila sababu ya kuuliza nani anakuja.

Na tukumbuke kura zile zilizotangulia uhuru. Katika uchaguzi wa kura tatu, ili mtu aandikishwe alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi ya aina zilizotajwa katika sheria. Mkulima wa uwele na mfugaji wa mbuzi wawili angezipata wapi pauni 150? Nikiwaambia watoto wa Ikungi waimbe kwamba babu zao "walitwaa" uhuru kwa kura, nawaongopea kwa nia njema. Waliotwaa walikuwapo, na heshima yao ni kamili. Wengine wengi waliambiwa.

Hapa ndipo somo letu la lugha linapoanza hasa. Taifa jipya lilipoundwa lilihitaji maneno, na maneno mengi ya kujitawala tulikuwa nayo tayari, lakini yalikuwa yamevaa nguo za zamani. Chukueni neno "raia". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kundi linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. Sisi wa Singida tunajua kuchunga ni nini, na tunajua kwamba mbuzi haulizwi njia. "Kura" nayo ni Kiarabu, na awali ni kitu kinachorushwa ili bahati iamue. "Serikali" imetoka Kiajemi, ikiwa na maana ya mkuu wa kazi, msimamizi. Hivyo mtu aliyesikia mwaka 1961 kwamba raia watapiga kura kuunda serikali, akiyachukua maneno hayo kwa asili zake, angesikia kwamba kundi la mifugo litarusha bahati nasibu ili apatikane msimamizi.

Bila shaka maneno hayafungwi na asili zake. Tukayajaza maana mpya. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilijadili ni nani atakuwa raia wa Tanganyika, na Mwalimu akasimama imara kwamba uraia usipimwe kwa rangi ya ngozi, hata akawa tayari kujiuzulu kwa ajili hiyo. Siku hiyo neno la kundi linalochungwa lilipewa hadhi ambayo halikuwa nayo. Pembeni yake likasimama neno letu wenyewe, "mwananchi", mwana wa nchi, ambalo halihitaji kamusi ya lugha nyingine. Na nyumba aliyokaa gavana ikaitwa "Ikulu", neno la majirani zetu Wasukuma na Wanyamwezi kwa makao ya mtemi. Bara nayo ilitia jiwe lake katika msingi.

Washairi walikuwa mafundi wa kazi hiyo. Saadani Kandoro alikuwa miongoni mwa walioasisi TANU mwaka 1954. Mwaka huo huo Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, naye miaka tisa baadaye akawa Waziri wa Sheria. Sijui nchi nyingine ambayo mtu mmoja amesimamia sheria za vina na kisha sheria za dola. Mathias Mnyampala, Mgogo wa jirani yetu Dodoma, ndiye aliyeeneza ngonjera tunazozishindanisha leo mashuleni, na kitabu chake cha ngonjera kilitoka baada ya kifo chake cha mwaka 1969. Hawa hawakuzaliwa pwani wote. Walikichukua Kiswahili wakakifanya chombo ambacho Mgogo, Mnyaturu na Mnyiramba wangeweza kukitumia bila kuomba radhi.

Nikarudi kwa Bibi na swali jingine. "Basi, Bibi, baada ya kuambiwa ikawaje?"

Akanijibu kwa vitenzi, na mimi mwalimu wa lugha nikajikuta navihesabu kama nilivyohesabu chini ya mti. Waliambiwa, mwaka 1961. Walifundishwa, kuanzia mwaka 1970, mwaka uliotangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, ambapo yeye na wanawake wenzake walikaa jioni na ubao mmoja na chaki za kugawana. Walihamishwa, wakati wa vijiji, wakaacha matembe yao na kujenga upya kando ya barabara. Vitenzi vitatu, vyote vya kutendwa. Nikaona kwamba kauli ya kutendwa haikuondoka na gavana. Ilibaki ikitafuta mtendaji mwingine.

Lakini akaongeza kitenzi cha nne. Baada ya kujua kusoma, pampu ya kisima cha kijiji iliharibika, na wanawake wakawa wanafuata maji mbali. Bibi akaandika barua kwa afisa mmoja aliyehusika, kwa Kiswahili, kwa mkono wake, akaeleza siku ngapi pampu imekaa bila mpini na watoto wangapi wameugua. Akaweka jina lake chini.

"Alijibu?" nikamuuliza.

"Hakujibu," akasema. "Lakini niliandika. Na mara ya pili niliandika tena, nikampelekea mwenyewe mkononi."

Pampu ilitengenezwa baadaye, na Bibi hadai kwamba ni kwa ajili ya barua yake. Mimi sina haja ya kudai kwa niaba yake. Ninachokiona ni kwamba mtu aliyeambiwa uhuru mnadani kwa lugha ambayo ilibidi afasiriwe, miaka kadhaa baadaye aliisemesha serikali kwa lugha hiyo hiyo, na katika sentensi yake mtendaji alikuwa yeye. Kama nikiulizwa uhuru ulifika lini katika nyumba ile, nitataja tarehe 9 Desemba kwa heshima, kisha nitaitaja barua.

Kwa hiyo ninabadilisha hukumu yangu, na ninaitoa hapa ili wenzangu wanipinge wakitaka. Nashikilia kwamba "tulipewa" ni kitenzi kibaya kwa uhuru wetu, kwa sababu kinamfanya mdhamini aonekane mfadhili. Lakini sitaki tena tukifute na kubandika "tulitwaa" mahali pake, kana kwamba kubadilisha neno katika ubeti kunatosha kubadilisha kilichotokea. Nataka mtoto akitamka kitenzi chochote, aulizwe maswali mawili: nani alitenda, na wewe umejuaje?

Swali la pili ndilo linalonikosesha usingizi. Watoto wale wa Ikungi walijua jina la gavana wa mwisho, walijua mwenge na Mlima Kilimanjaro, walijua tarehe zote. Hakuna kundi hata moja lililotaja mnada, wala kodi ya kichwa, wala mtu wa baiskeli, wala swali la "anakuja nani". Mkoa wenyewe wa Singida ulianzishwa mwaka 1963, baada ya miaka mingi ya kuwa sehemu ya Jimbo la Kati lililotawaliwa kutoka Dodoma, na hata hilo halikuingia katika ubeti wowote. Ngonjera zao zingeweza kusomwa Tanga au Songea bila kubadilisha neno. Huku nyuma, aliyekuwa na miaka 15 usiku ule wa 1961 alizaliwa mwaka 1946. Pigeni hesabu wenyewe ni wangapi waliobaki, na wangapi kati yao wataweza kusimulia mwaka ujao.

Wako watakaoniambia kwamba Kiswahili kimekwisha kushinda, kwa hiyo tusiwe na wasiwasi. Ni kweli kimepanda. Tangu mwaka 2022 dunia inaadhimisha siku yake kila tarehe 7 Julai, siku ile ile ya kuzaliwa kwa TANU. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Nafurahi. Lakini hesabu tena: kutoka 1961 hadi 2021 ni miaka 60 ambayo Bibi angeweza kuhukumiwa kwa sheria iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Na watoto wale wa sekondari, wakimaliza kuimba uhuru kwa Kiswahili chini ya mti, waliingia darasani kusoma masomo yao mengi kwa Kiingereza. Lugha inayoheshimiwa jukwaani na kuachwa mlangoni mwa darasa bado iko katika kauli ya kutendwa.

Ombi langu kwa walimu wa Singida, na wa mikoa mingine wanaonisoma, ni dogo na halihitaji bajeti. Mwakani, kabla ya kutunga ngonjera ya uhuru, kila mwanafunzi aende kwa mzee mmoja, aketi, aamkie, aulize: uhuru ulikujaje hapa? Alete kitenzi kimoja alichokisikia kwa masikio yake, kiwe cha Kiswahili au cha Kinyaturu, Kinyiramba au Kigogo, kisha atunge ubeti juu yake. Tutapata vitenzi ambavyo kitabu cha shule hakina. Baadhi vitatuudhi. Vyote vitakuwa vyetu.

Ili nisionekane natuma watoto mahali nisipokwenda mwenyewe, nami nimetunga ubeti wangu, nikausoma mbele ya Bibi kabla ya kuuleta kwenu:

Bibi nimemuuliza, uhuru nani katoa,
Akacheka akawaza, jibu akanitolea:
Mjumbe alitangaza, mnadani twasikia,
Kusoma nilipoweza, mwenyewe nikawambia.

Aliusikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa nini sikuitaja pampu. Nikamwambia mizani ilinibana. Akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta, akasema niongeze ubeti wa pili.